Getini Uliza Mwenyewe

Mwanangu Aika,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka hapa jikoni. Unafungua zipu ya begi, unatoa kitu, unakirudisha, unafunga, halafu unafungua tena. Ningeweza kukuita ukaja tukakaa. Lakini nikikuita nitapiga kelele, najijua, na kelele hazitakusaidia kesho barabarani. Kwa hiyo nakuandikia. Barua hii nitaiweka ndani ya kofia yako ya pikipiki, usiweze kuondoka bila kuiona.

Maagizo sitoi. Koti la mvua unajua lilipo, dawa ya tumbo nimekwisha kuitia kwenye mfuko wa pembeni, na kuhusu kula, wewe hujawahi kuhitaji kukumbushwa. Kulainisha mnyororo na kukaza breki sasa unaweza kunifundisha mimi, ingawa ni mimi niliyekukalisha kwenye tangi la pikipiki kabla hujajua kusoma. Hayo yote tuyaache.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba umeniumiza. Nianze na hilo lisije likapotea katikati ya maneno mengine. Umeniumiza wewe, na ameniumiza yeye, na mmeniumiza mkiwa wawili. Mmoja wenu nilimzaa, na mwingine nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

Leo mchana nilikuwa namenya ndizi za mtori. Nilikwenda kuzikata mwenyewe kule chini karibu na mfereji, kwa sababu nilitaka uondoke umekula cha nyumbani. Ukaingia, mkono mmoja nyuma. Ukaweka mezani, kando ya chupa ya chai, jani la isale lililofungwa fundo. Ukasema, "Mama, naomba usikasirike." Nikajua hapo hapo kwamba jambo lenyewe ni baya. Kisu nikakiweka chini.

"Limetoka kwa nani?"

"Kwa mjomba."

"Mjomba yupi?" nikakuuliza, wakati una mjomba mmoja tu.

"Mjomba Elisante. Mama, ile kampuni niliyokuambia ya Arusha, siyo ya Arusha. Ni ya mjomba. Iko Majengo kule mjini, nyuma ya karakana yake. Yeye ndiye anayewatembeza wageni kwa pikipiki. Kesho tunakutana Holili mpakani, tunakwenda wote mpaka Rwanda nijifunze njia. Safari zitakazofuata nitaongoza mwenyewe."

Nikakuuliza mmejuana tangu lini. Ukatazama sakafu, ukasema tangu masika. Masika yote, Aika, nilikuwa nakufungia ndizi na parachichi kwenye mfuko, eti unakwenda mtaa wa Soweto kwa rafiki yako mnajisomea habari za utalii. Nilikuwa nachagua parachichi zilizoiva vizuri, nikibonyeza moja moja. Kumbe zilikuwa zinaliwa Majengo, na aliyezila alijua zimetoka mti gani, kwa sababu mti ule aliupanda baba yetu na Elisante ndiye aliyeshika mche.

"Mjomba amekiri kosa, mama," ukasema. "Alilia."

"Alilia wapi?"

"Pale karakana."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

Nikachukua kisu nikaendelea kumenya. Tangu hapo sijakusemesha, na wewe umefikiri nimenuna. Sijanuna. Nimetafuta neno la kukuambia nikalikosa.

Na lile jani. Ungeniambia kwa maneno tu ningepiga kelele, ningelia, yangekwisha. Lakini mlinijia na isale. Umelelewa hapa Masama, unajua. Isale likishaletwa, aliyekosewa hana pa kukimbilia. Hata mtu angekuulia ng'ombe, akileta isale unatakiwa kumsamehe, na ukikataa mwenye kosa unakuwa wewe. Ndiyo maana haliletwi ovyo. Analileta mtu mzima aliye nje ya ugomvi, ambaye amekwisha kukaa na mkosaji akamsikiliza. Halitumwi kwa mkono wa mtoto wa aliyekosewa. Mjomba wako amemchukua mtoto wangu mwenyewe aje kunifunga mikono, na mtoto hakujua anachokifanya. Au ulijua. Hilo ndilo linalonikosesha raha tangu mchana.

Sasa nikuambie yaliyotokea, kwa sababu habari ya babu yako unayo, na tangu masika una habari ya mjomba wako. Yangu hujawahi kuisikia yote. Ulikuwa darasa la nne.

Wakati ule nilikuwa nazunguka vihamba vyote, migomba yote ya huku juu, na pikipiki yangu, mtungi wa mbegu za ng'ombe umefungwa nyuma. Ng'ombe akionyesha dalili za kutaka dume watu wananitafuta, nafika, nampandisha, nanawa mikono, naondoka kwa ng'ombe mwingine. Waliniita Daktari ingawa sikuwa daktari. Mjomba wako alikuwa fundi, na akiwepo yeye pikipiki yangu haikuwahi kulala mbovu. Tulikuwa tunapendana sana. Nalisema hili kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu. Nilimwamini kuliko nilivyomwamini marehemu baba yako, na baba yako alijua, akawa ananitania, "Nenda kamuulize mumeo mdogo."

Babu yako alifanya useremala Kampala akiwa kijana, akachonga mlango wa kanisa moja huko. Alipozeeka akawa hana habari nyingine. Mlango, mlango. Kama bado upo. Kama wameupaka rangi, na kama wameupaka, nani aliwaruhusu. Basi mjomba wako akasema, "Dada, pikipiki tunazo. Twende tukauone, tumpigie picha mzee." Tukaondoka, kila mtu na yake, mimi nina furaha ambayo sijaipata tena barabarani mpaka leo.

Kenya tulijifunza mapema kwamba nchi ya watu ni ya watu, hata kama mnasikilizana lugha. Mji mmoja mkubwa tulikuta pikipiki haziingii katikati. Kibao hakuna, ila kila mtu wa pale anajua. Mwanamke aliyekuwa anachoma mahindi ndiye aliyetuzuia kwa mkono. "Mama, hapo msiingie na hizo, mtashikwa." Nikamuuliza, na hawa wanaoingia je? Akacheka. "Hao wanajulikana." Ikabidi tuzunguke nje ya mji kwa njia ya vumbi, mjomba wako amevimba mashavu njia nzima. Tangu utoto hakupenda kuambiwa hapana. Nilimwona, nikamcheka, nikaona ni tabia tu ya kitinda mimba.

Mbele zaidi, barabara tuliyoitaka ilikuwa inapita ndani ya hifadhi ya wanyama. Jina silitaji, maana watu wa pale hawakunikosea. Tukafika getini jua kali, kuna foleni ya magari. Nikabaki na pikipiki kivulini, nikamwambia mdogo wangu, "Nenda kaulize."

Hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa adabu za kwetu. Sisi jambo lenye uzito hatuliendei wenyewe. Ukitaka kuchumbia unatuma mtu. Ukitaka mfereji wa maji upite kwa jirani unatuma mtu. Uliyemtuma ndiye mdomo wako, na akirudi unapokea alicholeta bila kumhoji, kwa sababu kumhoji ni kumtukana. Nilivuka mpaka na adabu hiyo. Nikamtuma ndugu yangu getini kama ninayemtuma kwa jirani, kisha nikakaa chini nikala chungwa.

Akarudi anatabasamu. "Wamesema tupite nyuma ya lile lori, tusisimame njiani tu." Kizuizi kikainuliwa, lori likapita, nasi nyuma yake.

Alichoambiwa kwenye dirisha la askari wa geti nilikuja kukijua baadaye. Aliambiwa pikipiki hazipiti kabisa, kwa sababu mle ndani kuna simba na tembo na mtu wa pikipiki hana mlango wa kufunga. Wenye pikipiki huzipakia kwenye lori, wao wakakaa mbele na dereva. Na lori la kupakia lingekuja kesho yake asubuhi. Kesho yake tu, Aika. Mjomba wako hakutaka kulala pale.

Tulikutwa katikati ya hifadhi. Gari la askari likatokea mbele likakinga barabara. Walikuwa wameshtuka kuliko kukasirika, maana nyuma kidogo tulikuwa tumewapita tembo waliosimama karibu kabisa na njia, na mimi mjinga nilikuwa nimewapungia mkono. Mkubwa wao, mtu wa makamo, akashuka akasema taratibu, "Pale geti mlielezwa. Huyu kijana alikuja akaelezwa vizuri, pikipiki hapana. Sasa ni nani alisema muingie?"

Nikamgeukia mdogo wangu, nikisubiri aseme pamekuwa na kutoelewana. Sikuwa na wasiwasi wowote. Akanitazama, akatazama pingu kwenye mkanda wa yule askari, akasema, "Nilimweleza dada. Yeye ni mkubwa kwangu. Akasema twende."

Nimezika mume, nimezika baba na mama. Sijawahi kusikia maneno yakaniingia namna ile. Na aliyasema kwa upole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniombea chai. Ningeweza kumkana pale pale. Nilinyamaza. Nilijiambia ameogopa, tukifika kituoni atasahihisha. Kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa ushahidi wao. Wakashika pikipiki yangu na kadi yake. Yeye wakamwachia, wakampakia na pikipiki yake kwenye lori lililokuwa linatoka. Aliondoka akiniambia, "Dada, nakwenda kutafuta msaada." Na hata hapo nilimwamini.

Msaada haukuja. Nililala siku kadhaa kwa mama mmoja aliyekuwa akiwapikia askari, mtu mwema sana, alinipa chai na blanketi na hakuniuliza kitu. Faini ikanishinda, pikipiki ikabaki kule, nikarudi kwa basi nimepakata kofia. Wewe ulinipokea kule barabarani na sare ya shule, ukauliza, "Mama, pikipiki iko wapi?" Nikasema imeharibika. Na mimi nilikudanganya siku hiyo, kwa hiyo usifikiri najiona malaika.

Nilipofika nyumbani, mjomba wako alikuwa amefika siku nyingi. Alikuwa amekaa na babu yako kwenye benchi la uani, kata ya mbege iko katikati yao. Babu yako hakuningoja hata nitue mzigo.

"Mtu akiambiwa hapana na wenye mji, anaingiaje?"

"Baba, sikuambiwa."

Babu akamgeukia mjomba wako. Alimtazama tu. Na mjomba wako akainama juu ya ile kata, akaanza kumtoa nyuki aliyeangukia kwenye pombe. Akamtoa kwa kidole, pole pole, akamweka kwenye benchi, akamtazama anavyokausha mabawa. Babu akangoja, akangoja, kisha akageuka akaniambia niende nikaoge.

Babu yako hakuyafikia mavuno ya kahawa yaliyofuata. Alipolala kitandani ni mimi niliyemwogesha na kumlisha, na alinishukuru kila siku. Lakini alikufa akiamini kwamba mimi ni mkaidi, na kwamba mlango wake haukuonwa na mtu kwa sababu yangu. Nikaendelea na ng'ombe zangu kwa miguu, mtungi begani, mpaka magoti yakakataa. Watu walinionea huruma kwa kutembea. Kutembea mimi nilikuzoea. Benchi lile ndilo ambalo sijalizoea, na ndiyo maana baada ya mazishi nililipasua nikapikia.

Wewe mwenyewe uliniuliza mara moja, una kikombe cha uji mkononi, "Mama, ni kweli ulikataa kusikia?" Sikukujibu. Nilimwonea haya marehemu babu yako, nikaona bora unione mimi mkaidi kuliko umwone yeye alidanganywa.

Nimewahi kujiuliza kwa nini Elisante alifanya vile. Nadhani hakupanga. Aliona haya kurudi kivulini na jibu baya, akasema neno moja, na neno hilo likataka jingine. Pale barabarani aliogopa pingu, na hilo naweza kulielewa, hata mimi niliziogopa. Lakini uani kwetu hapakuwa na pingu. Palikuwa na baba yetu tu, mzee, amevaa sweta lenye tundu kwenye kiwiko. Uani aliogopa nini? Kama amekuambia, usiniambie. Nataka kulisikia kwake.

Kila Desemba watu wakirudi mlimani tunakutana kanisani. Yeye anakaa upande ule, mimi upande huu. Ibada ikiisha anamtuma mtoto wa mtu aniletee salamu. "Mjomba Elisante anasema shikamoo." Nami namjibu mtoto marahaba, naye anakimbia nayo. Watu wanaona ni heshima. Mimi kila mwaka narudi nyumbani nikiwa na homa.

Haya. Leo ndiye anayefundisha watu kupita mipaka ya nchi. Nimecheka peke yangu hapa, kicheko kibaya, na wewe nadhani umekisikia maana zipu ilinyamaza. Lakini nimefikiri, na kuna jambo nataka uondoke nalo.

Kazi unayoiendea ni ile ile aliyokuwa nayo yeye siku ile. Wageni watabaki kivulini wanakunywa maji, na watasema, "Aika, kaulize." Wewe ndiye utakayejua lugha. Utakwenda dirishani utaambiwa hapana, na itabidi urudi kwa watu waliochoka, waliotoka mbali, wenye ndege ya kuwahi. Kutoka dirishani mpaka kivulini si mbali, na hapo ndipo mjomba wako alipoangukia. Wewe ilete hapana kama ulivyopewa. Usiilainishe. Watanuna, waache wanune. Watasema mbona wengine wanapita, mbona tulisoma mahali kwamba inawezekana. Waambie nimeambiwa hivi, na kama mna shaka twendeni wote dirishani mkasikie. Kulala siku moja zaidi mahali usipopapenda hakujamuua mtu.

Na pale ambapo wewe ndiye unayengoja, usingoje. Hata kama mjomba wako amekwisha kuuliza, na hasa kama amekwisha kuuliza, shuka, vua kofia waone uso wako, salimia, uliza tena. Atachukia. Atasema, "Huniamini?" Mwambie, "Mama yangu alikuamini."

Usitegemee vibao. Vingine vimeanguka na sheria imebaki. Kijana wa kituo cha mafuta atakuambia pita tu, kwa sababu hapendi kukuvunja moyo na yeye haendi huko. Bodaboda wa pale utawaona wanakatiza. Usiwafuate, wao askari ni shemeji yao, na wewe namba yako ya Tanzania inaonekana tangu mbali. Kuna mahali watakuruhusu kuizima pikipiki na kuisukuma, kuna mahali hata kuisukuma ni kosa, kwa hiyo uliza hata hilo. Na Rwanda wanapita kulia. Mimi sikufika, ila madereva wa malori waliniambia kwamba pale mpakani hukosei, unakuwa umekaza macho. Unakosea baadaye, umetoka kujaza mafuta, unawaza mengine, na mkono unakurudisha kushoto kwa mazoea. Nilisema sitoi maagizo. Hilo limeniponyoka.

Jioni, ulipokwenda kuaga majirani, nilitembea mpaka kwenye mpaka wetu na kihamba cha mjomba wako, pale kwenye mstari wa masale aliyopanda babu yako. Nikaona pamekatwa, na palipokatwa bado ni pabichi, na yeye leo hakupanda mlimani. Kwa hiyo hata kukata hakukata yeye. Alikupigia simu, ukaenda na kisu, ukakata, ukafunga fundo, ukaniletea. Mtu mwenye mvi ananiomba msamaha kwa simu, kwa mkono wa mwanangu, kwa jani la ua ambalo nusu yake ni langu. Nilisimama pale kwa hasira mpaka nikashika mgomba. Bado anamtuma mtu kubeba mzigo wake, na bado mtu huyo anamtoa katika nyumba hii.

Lile isale sijalitupa. Halitupwi. Nimelifunga kwenye kitambaa, liko kwenye begi lako karibu na dawa. Mkikutana Holili, mpe mkononi. Usimwambie nimekataa, kwa sababu sijakataa. Mwambie dada yake amesema njia ya kupanda Masama iko pale pale na hakuna aliyezuia pikipiki. Aje nalo mwenyewe, aje na mtu mzima mmoja, na aseme mbele ya kaburi la baba kile alichokimeza pale uani. Akishasema, nitamchemshia chai. Na mkifika Kampala, kama safari inapitia huko, mtafute ule mlango. Anajua kanisa lenyewe, babu yako alituelekeza.

Sasa wewe. Hukuniumiza kwa kwenda kwake. Ni mjomba wako, na pikipiki unazipenda tangu ukiwa unakaa kwenye tangi na kupiga honi kwa kuku. Ungeniambia masika ningepiga kelele wiki nzima, ningekutishia, ningemwita mchungaji aje aongee na wewe, halafu mwisho ningekupa koti langu la mvua. Umeniumiza kwa sababu hukuniuliza. Uliiona hapana usoni kwangu kabla sijaitamka, ukaona kungoja ni taabu, ukapita nyuma ya lori. Mimi mama yako, Aika. Nilishikwa ndani ya hifadhi ya watu kwa kosa la kutouliza, na mwanangu mwenyewe akanipita bila kuniuliza.

Kwa hiyo kesho tufanye hivi. Kabla hakujapambazuka vizuri nitakuwa pale langoni, kwenye migomba, nimevaa kitenge changu cha kanisani ili ujue sifanyi utani. Ukifika usinipungie mkono. Zima pikipiki. Shuka. Vua kofia nikuone uso. Unisalimie, kisha uniulize kwa mdomo wako kama unaruhusiwa kupita.

Jibu ninalo tangu jioni. Silitumi kwa barua.

Mama yako